Siku Mfalme Chewa Alipomtukana Baba

Jirani yangu amepaka geti lake rangi ya buluu. Si jambo la kumsimulia mtu, watu hupaka mageti kila siku, lakini harufu ya rangi ya mafuta iliingia dirishani asubuhi nikiwa nachambua mchele, nikaacha mchele, nikakaa tu. Mwanangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Kumbe nilikuwa nimerudi pwani, nina miaka tisa, nimevaa gauni la kanisani, nimesimama mbele ya kasri la Mfalme Chewa, na moyoni sisikii chochote.

Ngoja nianze na mfalme mwenyewe, maana wengine wenu mlikuwa hamjazaliwa. Wakati sisi tunakua pale Magomeni ya Mtwara, hakukuwa na mtoto asiyemjua Mfalme Chewa. Ilikuwa filamu ya hapa hapa nchini, ya majini na falme za chini ya bahari. Ilikuwa imetoka sehemu ya kwanza na ya pili, na kila sehemu ilikuwa ndefu kama ibada ya Ijumaa Kuu. Mfalme Chewa alikuwa nusu mtu nusu samaki, ana pembe za matumbawe kichwani, na akikasirika aliuliza kwa sauti nzito iliyotikisa spika za kibanda cha video, "Nani kaamsha bahari?" Hapo watoto wote tulioketi kwenye mabenchi tulijibu kwa pamoja, "Siyo mimi, Mfalme!" Mwenye kibanda alikuwa akitutishia kututoa nje kwa kelele, lakini naye nilimwona midomo ikimcheza.

Baba ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza. Baba alikuwa mwendesha winchi bandarini, Mnyamwezi wa Tabora aliyeletwa Mtwara na kazi, akaoa kwa Wamakonde, akabaki. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza kwenye ndevu, anayeheshimiwa jumuiyani, lakini kwa Mfalme Chewa alikuwa mtoto mwenzangu. Tulipopata deki yetu nyumbani alinunua CD zote mbili, tena halisi, zenye karatasi ya rangi. Wenzake kazini walinunua kopi sokoni. Yeye alisema mfalme haibiwi.

Tulizitazama mpaka zikaanza kukwaruza. Tulizijua kwa moyo, na tulichopenda zaidi kuliko yote yalikuwa makosa yake. Kulikuwa na askari wa chini ya bahari aliyevaa saa ya mkononi. Na katika sehemu ya pili, pale mfalme anapohukumu jini muasi katika kilindi kisichofikiwa na jua, nyuma yake alipita mbuzi. Alipita taratibu, akatazama, akaendelea na safari yake. Baba kila mara alisimamisha picha pale pale. "Huyo mbuzi," alisema akijifuta machozi ya kicheko, "kapewa uraia." Mama, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwenye madaftari ya kusahihisha, alitutazama sote wawili akatikisa kichwa.

Kisha mji ukavuma kwamba sehemu ya tatu ingepigwa kwetu, katika kijiji kimoja cha pwani karibu na mahali Ruvuma inapoingia baharini. Walikuwa wameshakuja kuangalia mahali, watajenga kasri zima pale mchangani. Baba aliniahidi kunipeleka. Tulishapanga hata tutakachomuuliza mfalme kuhusu yule mbuzi.

Kabla hawajaja, baba alifariki. Alianguka kazini asubuhi, wakasema presha, na kabla ya wiki kwisha tulikuwa tumeshamzika. Nayasema hivi kwa kifupi kwa sababu ndivyo yalivyoniingia. Kuna watu wakisimulia msiba wa mzazi wanakumbuka kila kitu. Mimi nakumbuka viti vya kukodi, na kwamba kimoja kilikuwa na mguu mfupi.

Msiba uliongozwa na mjomba, kaka yake mama, mwenye mikorosho kule Mtawanya na pikapu ya kusambazia soda. Ndugu wa Tabora walipiga simu wakasema njia ni ndefu, zikeni, sisi tutakuja. Basi mjomba akajitwisha kila kitu, na jambo aliloliogopa kuliko yote ni kwamba watu wa Tabora wakija wasikie ndugu yao alizikwa ovyo. Aliongoza kila kitu kwa sauti ya chini. Hata watoto wachanga nadhani walimwogopa.

Wakaja watani wa ukoo wa mama, kama ilivyo desturi yetu. Nyote mnajua kazi ya mtani msibani: anaiga marehemu, anamsimanga, anazuia kaburi, anawachokoza wafiwa mpaka wacheke wakiwa wanalia. Mmoja alishavaa helmeti ya kazini ya baba, akaanza kupita katikati ya watu akipiga miluzi kama anaongoza mizigo. Mjomba akamfuata akamvua helmeti kichwani.

"Huyu si ntu wa kuchezewa," alimwambia. "Huyu nkwe wetu, ngeni, katoka mbali. Ntaniaibisha kwa watu wa Tabora."

Watani wakatazamana. Wakaenda kukaa pembeni, wakala wali wao kimya, wakaondoka. Msiba ukaendelea bila sauti, nyimbo za kanisani, sifa za marehemu, amina. Kila mtu alisema ulikuwa msiba wenye heshima kubwa. Baba mdogo alipofika kutoka Tabora alimshika mjomba mikono miwili kumshukuru.

Mimi sikulia. Sikulia nyumbani, sikulia kanisani, na udongo ulipotupwa nilikuwa natazama viatu vya katekista. Nilimsikia mama mmoja wa jirani akimnong'oneza mwenzake, "Ntoto huyu ana moyo nkavu." Hakusema kwa ubaya. Lakini neno lile niliondoka nalo pale makaburini, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Nilianza kujipima. Nilikaa nikamfikiria baba kwa makusudi, uso wake, mikono yake yenye harufu ya grisi, nikangoja. Hakuna. Nikajiombea kazi ya kukata vitunguu, na machozi yakatoka vizuri kabisa, yakatiririka hadi shingoni, nami nikawa nasikiliza ndani kama kuna kitu kinachoambatana nayo. Hapakuwa na kitu, ila vitunguu. Nilikula nilipopewa, nikajibu nilipoulizwa, nikapata alama zile zile shuleni. Watu wakamsifia mama kwamba mtoto wake ni jasiri. Nyumbani jina la baba halikutajwa. Deki ilifunikwa kitambaa cha kufuma, ikawekewa chupa ya maua ya plastiki juu yake, na mama akawa anasahihisha madaftari mpaka wino unamwishia.

Nikafikia uamuzi wangu wa kitoto, ambao sikumwambia mtu. Kama moyo wangu ni mkavu kweli, basi sikumpenda baba. Na kama sikumpenda baba, mimi ni mtu wa aina gani? Hilo lilinitisha, ingawa hata hofu yenyewe niliisikia kwa mbali, kama redio ya nyumba ya tatu.

Ndipo watu wa filamu wakaja, na mjomba akapata kazi ya kuwapelekea soda na maji. Alirudi akiwa na habari zote za kasri. "Dada," alimwambia mama, "tumpeleke huyu ntoto akaone. Ntoto hachezi, hasemi. Labda akiona atachangamka." Mama alisita, maana alikuwa bado kwenye nguo nyeusi, lakini akanitazama nilivyokaa, akakubali. Nami nikaamua kwamba hicho ndicho kitakuwa kipimo cha mwisho. Nikilifikia kasri la Mfalme Chewa nisisikie kitu, basi yule mama wa jirani alisema kweli.

Tulikwenda Jumamosi. Makreti ya soda yalikuwa yakigongana nyuma, mjomba kwenye usukani, mama na mimi pembeni yake. Tuliiacha njia iendayo Kilambo, tukaingia kwenye mchanga katikati ya mikorosho, na mjomba alisema njia nzima kama mtu anayeogopa gari litazima akinyamaza. Alituonyesha mashamba ya mihogo, akatutajia wenyewe, akatueleza nani kamuoa nani. Mama aliitikia "eeh." Mimi nilitazama mbele.

Kisha likatokea kasri. Lilikuwa la buluu, na minara, na madirisha ya mviringo, limesimama kwenye mchanga mweupe na bahari nyuma yake. Lilinuka rangi mbichi. Lilikuwa kubwa kuliko kanisa letu. Nilisimama mbele yake, nikajisikiliza. Nikaona ni kasri, ni buluu, ni kubwa. Basi.

Nikalizunguka. Nyuma lilikuwa miti na maboksi na misumari. Makaratasi ya singibodi, yale ya dari, yalikuwa na maandishi ya duka yalikonunuliwa. Palikuwa pia na mbuzi, mbuzi mzima wa mtu wa kijijini, amefungwa kwenye nguzo ya mnara anatafuna boksi la biskuti. Nilijua baba angecheka hapo mpaka akae chini. Nilijua hivyo kama mtu anavyojua mji mkuu wa nchi ya mbali. Sikucheka.

Malkia Nguva wa zile filamu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkia wake ameukunja hadi magotini ili miguu ipate hewa, amevaa kandambili, anakula muhogo wa kuchemsha na pilipili. "Karibu, mdogo wangu," alisema, akanimegea. Huyu ndiye aliyekuwa akiwatoa machozi wanawake wa Magomeni yote. Nilikula ule muhogo, nikamshukuru. Pembeni vijana walichoma makumbi ya nazi ili moshi ufanane na maji ya kilindini. Wakulima wa kijiji, wamepakwa buluu mpaka masikioni, walipangwa mstari kuwa jeshi la bahari, na dairekta, kijana mwenye kofia ya kapelo, alikuwa anapita akiwakagua na kupiga kelele, "Saa! Nani tena kavaa saa?" Mzee mmoja alificha mkono nyuma.

Chini ya mkorosho alikaa Mfalme Chewa. Alikuwa amekivua kichwa, amekipakata mapajani. Kichwa kilikuwa cha sponji ya godoro, kimepakwa rangi, na zile pembe za matumbawe zilishikiliwa kwa waya. Ndani ya lile vazi la samaki alikuwamo mzee mwembamba mwenye kipara, anajipepea kwa kipande cha boksi. Na alipomwomba kijana maji, ilitoka sauti nyembamba, ya kukwaruza, kama ya mwuza karanga. Ile sauti nzito haikuwa yake. Nilikuja kujua kwamba ilitiwa baadaye mjini na mtu mwingine.

Mtoto mwingine angevunjika moyo. Mimi hata hilo sikuliweza. Nilisimama nikamtazama, nikasema kimoyomoyo, basi, ni kweli. Nina moyo mkavu. Baba sikumpenda. Nikawa nangoja turudi nyumbani.

"Nyamizi!" mama aliniita. "Njoo umsalimie Mfalme."

Nikasogea. "Shikamoo."

"Marahaba." Halafu mzee akaacha kujipepea. "Kaitwa nani huyu?"

"Nyamizi," mama alisema.

"Nyamizi? Huku Mtwara? Jina hilo kaliokota wapi?"

"Baba yake alikuwa Mnyamwezi. Wa Tabora."

"Alikuwa? Kwani sasa kawa nini?"

Mama akaivuta kanga yake mabegani. "Ametutoka. Tangu kabla ya Kwaresma."

Nilingoja ile pole. Tulikuwa tumepewa pole nyingi sana, za kila saizi, na mimi nilikuwa na jibu langu moja kwa zote, "Ahsante, tumeshapoa." Nililiandaa. Lakini mzee hakusema pole. Alikiinua kile kichwa cha sponji, akakivaa taratibu, akakiweka sawa, akasimama.

"Kafa?" alisema kutoka ndani. "Mnyamwezi kafa, na mimi Mzaramo sina habari?"

Akajitupa chini. Nasema alijitupa, mzima mzima, mapezi na yote, akaanza kugaragara mchangani akiomboleza kwa ile sauti ya mwuza karanga. "Uuuwi, mpagazi wangu! Mizigo yangu nani ataibeba? Jamani nani kampa ruhusa ya kufa? Kaona akifia Dar es Salaam nitakwenda kula ubwabwa wake, akakimbia mpaka mwisho wa nchi kuja kufia kwenye mikorosho! Mchoyo! Mnyamwezi mchoyo mpaka kaburini!"

Watu wakaanza kusogea. Mjomba alitupa kreti alilokuwa amebeba, akaja mbio, ngumi imeshakunjwa. "We nzee, una wazimu? Unamtukana marehemu mbele ya ntoto wake?"

Mama akamdaka mkono. Sikuwahi kumwona mama akimshika kaka yake hivyo. "Mwache, kaka," alisema.

"Nimwache vipi?"

"Ni Mzaramo, mtani wake. Mwache afanye kazi yake. Sisi tulimnyima."

Mfalme akanijia kwa magoti mpaka uso wa sponji ukawa karibu na wangu. Ndani ya mdomo wa samaki niliona macho mawili yananitazama, na hayakuwa yakicheka. "Hebu niambie, mjukuu wa wapagazi. Baba'ako alikuwa anakoroma, hakoromi? Wanyamwezi wote wanakoroma." Akakoroma. "Na akitembea, si alikuwa anatembea hivi?" Akainuka akaanza kutembea amechanua miguu, mikono ameishika kichwani kama mtu mwenye gunia la chumvi, anayumba.

Kitu cha kwanza nilichosikia yalikuwa masikio. Yalipata moto. Alikuwa anakosea. Baba hakutembea hivyo. Baba alitembea taratibu, bega la kulia limeshuka kidogo, na alikuwa akiingiza mkono mfukoni kila anapovuka barabara, hata kama mfukoni hamna kitu. Huyu mzee alikuwa anamkosea baba yangu mbele za watu, na watu walikuwa wanacheka, na hakuna aliyekuwa akimsahihisha.

"Na mchoyo!" aliendelea. "Senti yake ilikuwa haitoki!"

"Hakuwa mchoyo!"

Sauti ilinitoka kubwa mpaka mbuzi akageuka. "Hakuwa mchoyo! Alinunua CD zako zote! Halisi! Wenzake wananunua kopi, yeye ananunua halisi!"

"Halisi!" Mfalme akashika kichwa. "Ndiyo maana kafa maskini!"

Jeshi zima la bahari likapasuka kwa kicheko. Nami nikamrukia. Nilimpiga ngumi kwenye kile kichwa cha sponji, na sponji haiumi, basi nikaongeza. "Na wewe sauti siyo yako! Na kichwa chako godoro! Na baharini kwako kuna mbuzi, tulimwona, baba alimwona!"

"Enhe!" akapiga kelele kwa furaha, akijikinga kwa mapezi. "Enhe! Sasa nimepata mtani! Jamani nauawa na mpagazi! Lete lingine! Alikuwa anaogopa maji, haogopi? Hawa wa bara mtu akiona bahari anakwenda kujificha uvunguni."

"Haogopi! Alikuwa anaogelea mpaka kwenye maboya!"

"Alikuwa hajui kuimba."

"Anajua! Anaimba bafuni, mama anamwambia anyamaze, hanyamazi!"

Ikawa hivyo. Alisema uongo, nikamsahihisha. Alisema uongo mwingine, nikamsahihisha. Pale mchangani, mbele ya watu nisiowajua waliopakwa buluu, nilimweleza baba mzima, mikono yake, kuimba kwake, alivyokuwa akisimamisha picha ya mbuzi, alivyonibeba begani nikiwa nimeshakuwa mkubwa wa kubebwa. Mara moja moja nilimtazama mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika, kisha akakaa chini mchangani na lile gauni lake jeusi, na sikuweza kujua kama anacheka au analia, nadhani na yeye hakujua.

Nilipochoka mikono, mzee akakivua kichwa. Jasho lilikuwa linamchuruzika. Akaongea sasa kama mtu mwingine, kwa upole. "Mola amrehemu," alisema. "Na nyinyi awape subira. Mama, mnisamehe kwa kuchelewa. Sikuwa nimeambiwa."

Mjomba alikuwa anatazama mchanga. "Watani wa kwetu walikuja," alisema. "Niliwafukuza mimi. Niliona ndiyo heshima."

"Ni heshima," mzee akamjibu. "Ila ya mgeni hiyo, kaka. Mgeni ndiye haguswi."

Mjomba akaenda kuliokota kreti lake. Na dairekta akaanza kuita kwa hasira kwamba Mfalme aje, jua linakwenda, moshi unakwisha. Mzee akanishika kichwani, akavaa godoro lake, akaenda kutawala.

Sehemu ya tatu haikutoka kamwe. Wengine walisema fedha ziliisha, wengine walisema dairekta na mwenye kamera waligombana. Kasri lilikaa pale mpaka mvua za masika zikalilegeza, na wanakijiji wakazichukua zile singibodi. Nimesikia kuna jiko moja kule lenye dari ya buluu hadi leo.

Nilikuwa mtu mzima nilipoweza kujieleza kilichotokea siku ile. Msibani kila mtu alimsifu baba. Alikuwa mwema, alikuwa mchapakazi, alikuwa mcha Mungu, na sifa haina pa kushika. Ukiambiwa baba yako alikuwa mwema unasema amina, na mambo yanaishia hapo. Tulimzika mtu mwema, ambaye mimi sikumjua. Wangu alikuwa yule wa bafuni na wa mbuzi, na huyo hakuna aliyemtaja hata mara moja, mpaka alipokuja mtu kumtukana. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba alikaa kwetu miaka yote ile na hatukumpa jembe, tukamzika bado tumemtandikia mkeka wa mgeni. Mjomba alilijua hilo kabla yangu. Misiba yote aliyoisimamia baada ya hapo, watani walikuwa wakifika yeye mwenyewe anakwenda kuwapokea njiani, na nguo za marehemu anawakabidhi kwa mkono wake.

Lakini siku ile sikuwa na maneno hayo. Siku ile nilipanda pikapu na masikio bado yana moto na mchanga umejaa kwenye viatu vya kanisani. Makreti matupu yaligongana nyuma. Tulikwenda mwendo mrefu katikati ya mikorosho, na kuna jambo moja lilikuwa linanisumbua, kwa sababu katika yote niliyomjibu yule mzee, hilo sikulijibu.

"Mama," nikasema. "Kweli baba alikuwa anakoroma?"

Mama alitazama mbele kidogo. "Sana," alisema.

"Sana vipi?"

"Nyamizi, mwanangu, baba yako alikuwa anakoroma mpaka nilikuwa nahamia kulala na wewe. Unadhani nilikuwa nakuja kwako kwa ajili ya nini? Eti naogopa panya?"

"Hata kwetu Ntawanya alipolala siku ile ya sikukuu," mjomba akasema, macho barabarani, "kuku hawakushuka ntini hadi jua limepanda."

Nikacheka. Kicheko kilianza vizuri, kikafika katikati, kikageuka. Sikukitayarisha na sikukisikiliza, kilinishika tumboni kikanikunja, nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, uso wangu kwenye mapaja ya mama. Mjomba akasimamisha gari pale pale kwenye mchanga, akazima injini. Tulikaa mpaka nilipomaliza mimi, na mama akamaliza, na mjomba akashuka akaenda kuangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo, akarudi macho mekundu. Halafu akawasha gari, tukaendelea kumsengenya baba hadi Magomeni.